Uzi maalumu: Kufufua Land Rover 109 ya zamani ukiwa nyumbani, kuanzia chasisi hadi suala la kubadili injini

Chuma Mkongwe

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Uzi huu ni wa mwenye Land Rover ya zamani iliyolala miaka mingi na anataka kuirudisha kazini kwa mikono yake. Gari ninayoifanyia kazi uani ni pikapu ya Series III, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwenye Series II au IIA asiondoke, maana chasisi, ekseli na injini za silinda nne ni za ukoo mmoja na mengi yatamfaa.

Natanguliza msimamo wangu. Nguvu yoyote unayoiongeza kwenye gari hii inahamisha mzigo kwenda sehemu inayofuata: kutoka injini kwenda klachi, gia boksi, propela, difu, shafti za ekseli, mpaka tairi, kisha inarudi kukudai breki na usukani. Wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo yenye raha. Mimi nasema habari ya kuongeza nguvu ije mwisho. Chasisi kwanza, halafu usukani na breki, halafu umeme, halafu injini iliyopo iamshwe kama ilivyo. Ukishaendesha gari iliyo nzima ndipo utajua kama kweli unahitaji injini nyingine.

Chasisi sasa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgawo. Ndiyo maana bodi ilifanywa ya aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright. Lakini chasisi, pamoja na ule ukuta ulio kati ya injini na kabini, ni chuma. Kwa hiyo unaweza kukuta gari ambayo bodi imenyooka, milango inafunga vizuri, rangi inang'aa, na chini chasisi imebaki ganda. Chasisi yenyewe ni bati nne zenye unene wa karibu milimita 2 zilizochomelewa pamoja kuwa boksi. Tope na maji yakishaingia humo hayatoki upesi. Inaoza kutokea ndani, na siku unapoona tundu kwa nje, ndani kumekwisha kitambo.

Kuipima hakuhitaji chombo cha ajabu. Chukua nyundo ndogo upite nayo taratibu urefu wote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na nyundo inaacha kibonyeo. Penye shaka sukuma kwa bisibisi. Komaa na boriti ya nyuma, na mikono inayotoka pembeni kubeba ukuta wa kabini na tangi, na ncha za mbele zinaposhikwa springi, na pale juu ya ekseli ya nyuma ambako magurudumu hurusha tope mwaka mzima. Pitisha mkono juu ya chasisi pia, usiangalie tumbo lake tu. Viraka vya zamani vilivyobandikwa juu ya kutu hesabu kuwa ni matundu.

Kabla hujainua chochote: breki ya mkono ya gari hizi haishiki magurudumu. Ina ngoma yake nyuma ya gia boksi na inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke na gari inaweza kuondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Weka vizuizi magurudumu yaliyobaki chini, uiegemeze chasisi kwenye stendi za chuma. Usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Nitaendelea na usukani. Kabla ya hapo ningependa wenye uzoefu wa kuchomelea waseme.

Dereva wa Tope

Naweka kambi hapa mkuu. Yangu ni 109 pia. Nimeigonga kama ulivyoelekeza: boriti ya nyuma imekwisha, na mikono miwili ya upande wa dereva. Reli kuu mbili zinalia vizuri. Je, nitafute chasisi mpya iliyozamishwa kwenye zinki, au nichomelee hizo sehemu?

Bi Spana

Dereva wa Tope, kama reli kuu ni nzima, chomelea. Chasisi mpya maana yake ni kuvua gari yote: bodi, injini, gia boksi, ekseli, mabomba, nyaya. Ni kazi nzuri sana ukiwa na nafasi na muda, lakini magari mengi yaliyovuliwa hivyo hayajawahi kurudishiwa. Mpaka wangu mimi ni springi. Kutu ikiwa imekula reli pale zinaposhikwa springi, au pale usukani ulipofungwa, hapo ndipo ninapomshauri mtu abadilishe chasisi.

Utaratibu wangu, kwa aliye nyumbani na mashine ndogo ya waya:

Tangi la mafuta kwenye gari hizi liko chini ya kiti cha mbele, jirani kabisa na mikono unayotaka kuchomelea. Litoe, lipeleke mbali. Usijifariji kwamba ni tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ya tangi tupu ndio unaolipuka. Tenganisha betri na altaneta. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, na ukimaliza kaa na gari angalau nusu saa, maana uchafu na mafuta ya zamani ndani ya boksi huanza kuwaka taratibu baada ya fundi kuondoka.

Pima kabla ya kukata. Chagua matundu ya bolti yanayolingana kulia na kushoto, pima mshazari mmoja na wa pili, andika. Vipimo viwili vikilingana chasisi imekaa mraba. Gari isimame kwenye usawa, imeegemezwa karibu na ekseli ili uzito ukae kama kawaida. Kisha kata mkono mmoja tu, uweke mpya, uchomelee, upime, ndipo uende wa pili. Ukikata yote miwili pamoja ukuta wa kabini unashuka kidogo tu, na hutauona mpaka mlango ukatae kufunga.

Choma vipande vifupi, ruka upande wa pili, acha kipoe, rudi. Mshono mrefu wa mara moja unavuta chuma na boriti inapinda. Kiraka kwenye reli kisiwe na ukingo uliokata reli wima kwa mstari mmoja, kwa sababu mzigo wote utakutana kwenye huo mstari na ufa utaanzia hapo. Kichonge kiwe na ncha pande mbili, ukingo ulale mshazari. Na kata hadi ufike kwenye chuma cheupe kabisa. Kuchomelea juu ya kutu ni kuchoma gesi na waya bure.

Ukinunua vipande vilivyopakwa zinki, isage zinki yote mahali pa mshono kabla ya moto. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku huo. Fanyia kazi penye hewa na uvae barakoa inayofaa moshi wa kuchomelea.

Mwisho, rangi ya nje pekee haitoshi. Chukua mpira mwembamba mrefu, uupitishe kwenye matundu ya chasisi na kunyunyiza nta ndani kote. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Nimeona watu wanayaziba wakidhani wanazuia maji yasiingie.

Dereva wa Tope

Dada, Mungu akubariki. Nimechukua yote.

Chuma Mkongwe

Bi Spana asante sana, hasa hapo kwenye ncha za kiraka.

Nirudi kwenye usukani. Series ina vichwa vya usukani sita, tairodi kama tunavyoviita. Kila kimoja kikilegea kidogo, jumla yake ndiyo ile hali ya kuzungusha usukani robo bila gari kuitika. Mwenzako atikise usukani huku wewe umelala chini, umeshika kichwa kimoja kimoja kwa kiganja. Kinachocheza utakihisi kabla hujakiona. Badilisha, na ukishabadilisha pima uelekeo wa magurudumu ya mbele.

Katikati, ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, kuna kile kisilinda kinachogeuza mwendo wa usukani. Sikilizeni vizuri hapa. Ndani yake kuna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa. Asiyejua anafungua bolti za chini, springi inafyatuka kwa nguvu ya kuvunja taya. Mara nyingi sana hakihitaji kufunguliwa. Kinahitaji oili tu, maana watu hawajui kwamba kinawekewa. Kama kimekufa, kitoe kizima ubadilishe kizima. Kukitoa nako ni shughuli, kwa sababu hung'ang'ania kwenye boriti kwa kutu, kwa hiyo anza kukipaka mafuta ya kulegeza kutu siku nyingi kabla.

Kwenye ekseli ya mbele kuna zile tufe kubwa zinazong'aa ambazo gurudumu hugeukia. Zikishakuwa na vidonda vya kutu, sili mpya haimalizi mwezi, vidonda vinaikata na oili inamwagika. Kabla ya kuagiza sili, pitisha kucha juu ya tufe. Kucha ikikwama, agiza tufe. Shimu, yaani vibati vyembamba vya kurekebisha ubanaji, za juu ya tufe hupangwa kwa kupima uzito wa kugeuza kwa mizani ya springi, kabla tairodi hazijaunganishwa na sili haijafungwa. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha ufundi cha mwaka wa gari yako, kifuate. Hizi shimu zikiwa legevu, gari inatetemeka usukani wote ukipita shimo kwenye mwendo.

Kijana wa Karakana

Shikamooni wakuu. Mimi bado najifunza. Nina 109 ya baba, nimebadilisha viatu vya breki na silinda zote za magurudumu, nimetoa upepo mara nyingi lakini pedali inashuka chini, nikipampu mara mbili ndipo inasimama. Masta silinda nayo ni mpya. Nakosea wapi?

GiaYaChini

Marahaba kijana. Pedali inayosimama ukipampu mara ya pili, kwa gari hii, nianze na urekebishaji wa viatu kabla ya kulaumu upepo. Ngoma za 109 ni za inchi 11, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili, kila silinda inasukuma kiatu chake. Viatu vikikaa mbali na ngoma, oili ya pedali moja haitoshi kujaza silinda zote. Nyuma ya kila bati la breki kuna virekebishi. Zungusha hadi gurudumu ligome kabisa, kanyaga pedali kwa nguvu ili viatu vijipange katikati, kaza tena, kisha legeza kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa kugusa kidogo sana. Fanya hivyo kwa kila kirekebishi.

Na kama upepo haujaisha, legeza virekebishi vyote hadi mwisho na uviache hivyo wakati wa kutoa upepo. Springi za viatu zinasukuma pistoni ndani, nafasi ya upepo kujificha inapungua. Ukimaliza ndipo unarekebisha viatu upya. Pale mbele upepo hupenda kubaki kwenye kijibomba kinachounganisha silinda mbili.

Jambo la pili: kijiti kinachosukuma masta silinda lazima kiwe na uhuru kidogo sana pedali ikiwa juu. Kikiwa kimebana, pistoni hairudi kikamilifu, tundu la kurudishia oili halifunguki, na breki zinajishika zenyewe ukienda mbali.

Vumbi la viatu vya zamani usilipulize kwa hewa. Viatu vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko.

Kijana wa Karakana

Asante sana mzee wangu. Nimerekebisha viatu kama ulivyosema, pedali imesimama juu. Kumbe sikuwa nimevigusa virekebishi hata kimoja.

Mtu wa Waya

Naomba niingie kwenye umeme, maana watu wanavuta nyaya mpya gari zima wakati tatizo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Bodi ya aluminiamu inatengeneza tabaka la oksidi ambalo halipitishi umeme. Taa ikifungwa kwenye bodi na kutegemea bodi kurudisha umeme, miaka ikipita inafifia. Waya mweusi wa kila taa uvutwe hadi kwenye bolti ya chasisi iliyosafishwa hadi chuma, upakwe grisi baada ya kukaza. Injini iwe na mkanda wake wa ethi kwenda chasisi, kwa sababu imekaa juu ya mipira. Mkanda huo ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na nimekuta waya wa kuvuta choki umeungua kwa sababu ndio uliobaki.

Pima kwa mita: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mbovu, na stata mpya haitakusaidia.

Taa kubwa za mbele: kwenye gari hizi umeme wake wote hupita kwenye swichi na nyaya nyembamba za zamani. Weka rilei mbili karibu na taa, moja ya mwanga kamili na moja ya mwanga wa chini, waya nene kutoka betri kupitia fyuzi, halafu waya wa zamani ubaki kazi ya kuamsha rilei tu. Swichi itadumu na taa zitaona umeme wote wa betri. Haya ndiyo mabadiliko ninayoyapenda kuliko yote kwenye gari ya zamani, kwa sababu ukitaka kurudisha hali ya mwanzo unatoa bolti mbili tu.

Wenye IIA za mwanzo waangalie: zilikuwa na nguzo chanya kwenye ethi na daynamo. Series III zina altaneta na nguzo hasi kwenye ethi. Usifunge redio au altaneta kabla hujajua gari yako ni ipi.

GiaYaChini

Sasa mkuu Chuma Mkongwe, hapo kwenye injini sikubaliani na wewe na nitasema kwa heshima. Petroli ya 2.25, yaani sentimita za ujazo 2286, inatoa kama nguvu farasi 70. Kwa pikapu ya 109 yenye mzigo, kwenye mlima unapanda na gia ya pili huku umeshika foleni nyuma yako. Mimi nimeweka 200Tdi ya dizeli, lita 2.5 yenye tabo, iliyotoka kwenye Discovery ya mwanzo. Ni ya ukoo ule ule wa 2.25, kwa hiyo kukutana na gia boksi ya Series si vita. Ina farasi 111, inakula mafuta kidogo, haina plagi wala pointi za kuloa kwenye maji. Kwa nini mtu ateseke?

Chuma Mkongwe

Mkuu GiaYaChini, 200Tdi ni injini bora na sitaisema vibaya. Hoja yangu ni mahali inapokwenda. Farasi sio zinazovunja gia, ni toki, yaani nguvu ya kusokota, inayopimwa kwa Nm. Ya Discovery ina karibu Nm 265. Petroli ya 2.25 ina kama 163. Unaweka mara moja na nusu na zaidi kwenye gia boksi iliyochorwa kwa ile ndogo. Kwa mtu mwenye mguu mwepesi kama wewe itadumu, naamini. Lakini mtu anayekanyaga hadi mwisho akiwa na gia ya kwanza ya chini, magurudumu yamekwama kwenye mawe, atakusanya meno ya gia kwenye oili.

Halafu kuna yale yasiyosemwa. Dizeli haina mvuto wa hewa wa kuendeshea sevo ya breki, inahitaji pampu yake. Inahitaji bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Tabo ya Discovery imekaa chini upande wa chasisi, unabadilisha manifoldi au unahamisha mguu wa injini. Rejeta na kipozea hewa vinahitaji nafasi. Na usajili: katika nchi nyingi kubadili injini au aina ya mafuta lazima kuripotiwe, uliza kabla ya kununua.

Aliye na breki nzima, ekseli nzima, na anayesafiri mbali na mzigo, aweke. Ninachokataa ni injini hiyo kwenye gari ambayo tairodi zake bado zinacheza.

Kwa wasiobadilisha, 2.25 ni injini ya kuvumilia sana. Iliyolala miaka isipigwe stata siku ya kwanza. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, iache ilale usiku. Kesho yake izungushe kwa mkono. Gari hizi zina nafasi ya hendeli mbele, ndiyo faida yake. Ikizunguka laini, badilisha oili na filta, kisha piga stata bila plagi mpaka taa ya oili izime. Ndipo upime mgandamizo. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani upime tena: ukipanda, ringi zimechoka, usipopanda, tafuta valvu. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25 zote, kuingia na kutoka. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Petroli ya zamani mwage yote, osha tangi, safisha kabureta, badilisha mipira yote ya mafuta hata inayoonekana nzuri.

GiaYaChini

Nimekuelewa, na hapo kwenye tairodi nakuunga mkono. Niongeze tu kwa atakayeweka 200Tdi: kwa difu za uwiano wa 4.7 zilizomo, dizeli hiyo inapiga kelele barabarani kwa sababu inafika mwisho wa mizunguko mapema. Ndiyo maana watu hutafuta difu za 3.54 za Range Rover.

Bi Spana

Na hapo ndipo wenye 109 wanapoumia. Difu za 3.54 zinaingia kwenye ekseli za aina ya Rover. 109 nyingi za Series III nyuma zina ekseli ya Salisbury, nzito na imara zaidi, na hiyo difu haiingii. Utaitambua kwa kifuniko cha bolti kilicho nyuma ya ekseli. Ya Rover difu yake hutolewa kwa mbele. Sasa mtu ananunua difu mbili, ya mbele inaingia, ya nyuma haiingii. Asithubutu kuiacha hivyo. Gari hii haina difu ya katikati. Uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana, siku unapobonyeza kitufe cha njano kuweka magurudumu manne, ekseli mbili zinavutana hadi kitu kivunjike. Hata zikiwa sawa, usitumie manne kwenye lami kavu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. 3.54 inapunguza mizunguko ya injini karibu robo kwa mwendo ule ule, vizuri barabarani. Lakini inakupunguzia robo hiyo hiyo ya nguvu kwenye gia ya chini, pale unaposhuka korongo unataka gari itambae injini ikiishikilia. Ndio uzuri wote wa Series huo, na unaupoteza. Mimi ningefunga ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, nyuma ya gia boksi. Unaiweka barabarani, unaitoa porini, na difu zinabaki zilivyo.

Dereva wa Tope

Wakuu, matairi na springi je? Nataka kuiinua.

Chuma Mkongwe

Kwa nini unataka kuiinua? Nauliza kwa wema. 109 ilitoka na tairi za 7.50-16, tairi nyembamba ya karibu sentimita 80 kwenda juu. Ukiweka pana na kubwa zaidi, unazidisha mzigo wa usukani ambao hauna msaada wa haidroliki, unazipa breki kazi zaidi, na shafti za ekseli zinavutwa kwa mkono mrefu zaidi. Jaribu kwanza na zile za asili. Kinachoinua tumbo la difu kutoka kwenye mawe ni tairi. Springi inainua bodi tu.

Kinachofanya 109 iwe ngumu mara nyingi sio springi zenyewe, ni kutu kati ya majani yake. Majani yameshikana na springi nzima imekuwa ubao. Zifungue, safisha kila jani hadi chuma, paka rangi na grisi, weka bushi mpya, na bolti za shakeli zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gari ikining'inia, bushi zinajisokota siku ya kwanza. Watu wengi hushangaa gari inavyobadilika bila kununua springi mpya.

Ukitaka mpya, za paraboli zenye majani machache yasiyosuguana ni nzuri sana, magurudumu yanafuata ardhi vizuri. Ila nunua na shokapu zinazozifaa, na angalia mipira ya breki: gurudumu linaponing'inia mpaka mwisho, mpira usivutike. Angalia na pembe ya propela.

Mabadiliko madogo yenye faida kubwa kwa maji na tope ni mabomba ya pumzi ya ekseli. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Vuta bomba jembamba kutoka kila ekseli hadi juu karibu na injini. Na chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye plagi yake ya kuvukia maji. Ifunge kabla ya mto, itoe baada yake, ili oili ikivuja isibaki kwenye klachi.

Mtu wa Waya

Bodi hatujaigusa kabisa.

Bi Spana

Bodi ni rahisi ukiwa na subira. Aluminiamu iliyobonyea inakuwa ngumu, ukiigonga hivyo hivyo inapasuka. Irudishie ulaini kwanza: chora mistari kwa kipande cha sabuni, pasha moto taratibu upande wa pili hadi alama ya sabuni igeuke kahawia iliyokolea, ondoa moto mara moja. Aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo ukisubiri rangi ya chuma utabaki na tundu. Baada ya hapo gonga kwa nyundo ya mpira juu ya mfuko wa mchanga. Usitoe rangi kwa mchanga wa kompresa, bati linatanuka na kupiga mawimbi, wala kwa brashi ya waya wa chuma, kwa sababu vijichembe vya chuma vinabaki humo. Praima iwe ya kung'ata aluminiamu.

Popote chuma na aluminiamu vinapokutana, weka kitu katikati: gundi ya kuziba, mpira, au rangi nzito. Bila hivyo unyevu ukiingia aluminiamu inageuka unga mweupe.

Kijana wa Karakana

Wakuu, gari imewaka na breki ziko tayari. Siku ya kwanza kutoka nayo nifanye nini?

Chuma Mkongwe

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, bila mzigo. Angalia oili ya injini, gia boksi, sanduku la pili la gia, difu zote mbili, tufe za mbele na usukani; oili ya gia boksi na difu ni EP90. Ukirudi, gusa kila ngoma ya breki kwa tahadhari. Iliyo moto kuliko wenzake inajishika au beringi yake imekazwa mno. Kaza tena nati za magurudumu na zile bolti za U zinazoshika ekseli kwenye springi, maana rangi mpya na bushi mpya hukaa sawa baada ya mwendo na bolti hulegea. Kaza kwa spana ya toki, kwa vipimo vya kitabu. Weka kadibodi chini ya gari usiku, asubuhi uone ni wapi panadondosha na ni oili ipi. Baada ya safari ya pili rudia kukaza bolti za U, halafu urekebishe tena viatu vya breki, kwa sababu vipya vinajikalia kwenye ngoma na pedali itashuka kidogo. Ikishatulia hapo, utuletee picha za chini ya gari tuone mishono ya chasisi.